Kuku wa Mama Mboje

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Najua methali haikukaa hivyo. Nilichapwa darasani nikiikariri ilivyo, na mama yangu kule kijijini Kaengesa bado ananitumia salamu zinazoishia na methali hiyohiyo, safari hii akiwa amenilenga mimi. Lakini tangu nianze kazi ya kupiga picha za matumbo nimewaona waliosikia la mkuu, wakainamisha kichwa, wakasema ndiyo mzee, wakapanda lori kurudi kwao, na guu likavunjikia hukohuko. Na mara nyingi guu linalovunjika si la mkuu.

Jana wameniita tena ofisini. Wanataka niombe radhi mbele ya benchi la wagonjwa, na maneno ya kusema wameshaniandikia.

Zahanati yetu iko jirani na stendi ya Sumbawanga, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Duka, zahanati na malori yanayoteremka bonde la Rukwa kufuata mpunga ni mali ya mtu mmoja, Mzee Abdulnasir. Serikali iliporuhusu watu binafsi kufungua hospitali, matajiri wenzake walikimbilia mitumba na mashine za kusaga. Yeye alisema mgonjwa hana msimu. Si mtu mbaya. Msiba ukitokea mtaani, lori lake hubeba jeneza bure, wala hasubiri kuombwa.

Mashine ya ultrasaundi ilikuja kwetu na utafiti. Ni kitu kidogo, ukubwa wa sanduku la mwanafunzi wa bweni, na kioo chake hakina rangi. Hutuma tumboni sauti ambayo sikio halisikii, sauti ikagonga kilichomo ikarudi, na mwangwi wake ukachorwa kwenye kioo. Watafiti wa Dar es Salaam walitaka kujua jambo moja: mtu wa stashahada kama mimi, akiwa mbali na mabingwa, anaweza kuona kwa mama mjamzito kile ambacho bingwa angekiona? Wakanifundisha, wakanikabidhi mashine, wakaunganisha na deki ya video. Kila mama niliyempima, picha zake ziliingia kwenye kanda. Mimi niliandika nilichoona, kanda ikapanda basi, na bingwa huko Dar akaitazama bila kujua nimeandika nini. Mwishowe wangelinganisha macho yake na yangu.

Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Kama jibu lingekuwa ndiyo, wilaya ambazo hazitaletewa bingwa mpaka kiama zingeweza kupata mtu kama mimi.

Ila kulikuwa na sharti. Mpimaji hamwambii mgonjwa alichokiona. Majibu yanatoka kwa daktari wa zahanati, na daktari anatoa majibu yaliyotoka Dar. Nikitangulia kusema, mgonjwa akaenda kutibiwa kwa neno langu, ulinganisho unaharibika. Nililielewa sharti hilo, na kwa matumbo mengi halikuwa na madhara. Mtoto amekaa vizuri, moyo unapiga, mama aambiwe leo au mwezi ujao ni mamoja.

Kitu ambacho watafiti hawakukijua ni kwamba watu wetu waliamini mashine inatibu.

Waliiita runinga ya tumbo. Siku ambazo si za utafiti, Mzee Abdulnasir aliitumia kwa wagonjwa wake wengine, na wao ndio waliosambaza habari. Mvuvi mmoja kutoka Wampembe alimulikwa figo, akarudi ziwani akitangaza kwamba mgongo umeachia. Ile jeli ya baridi tunayopaka tumboni ili picha itoke, wakaiona ndiyo dawa yenyewe. Kina mama walinikataza kuwafuta. Wengine waliichota kwa kidole wakampaka mtoto aliye mgongoni, na yupo aliyekuja na kichupa cha mafuta ya nywele akitaka nimtilie ya kwenda nayo nyumbani. Picha ya karatasi tuliyowapa ilitundikwa ukutani karibu na rozari.

Mzee Abdulnasir aliona, akafurahi. Aliandikisha ukutani kwa rangi nyekundu, na pikapu yake yenye kipaza sauti ikazunguka ikitangaza mpaka vijiji vya Nkasi: Kumulikwa ni nusu ya kupona. Nilimfuata dukani nikamwambia maneno yale si kweli, kwamba kumulikwa ni kumulikwa tu. Alicheka, akanimiminia kahawa.

"Binti Kalista," akasema, "wewe una maneno mengi na benchi lako ni tupu. Mimi nina maneno matano na langu limejaa."

Basi ndipo mwaka huu wa mvua za Elinino akaja Rhoda.

Alikuwa mke wa Mboje, wa zile familia za Kisukuma zilizohamia Kaoze na ng'ombe wao. Walipanda kutoka bondeni kwa lori la Mzee Abdulnasir, juu ya magunia, yeye, mumewe na mama mkwe wake. Mama Mboje alikuwa mwanamke mrefu mwenye vikuku vya shaba, na sauti yake ilizoea kuita ng'ombe walioko ng'ambo ya mto. Yeye ndiye aliyeeleza. Mimba ilikuwa ya mwezi wa nane. Rhoda alikuwa ametokwa damu, nyingi, nyekundu, bila maumivu hata kidogo. Rhoda mwenyewe hakusema kitu. Aliangalia sakafu kama mtu aliyefanya kosa.

Damu nyingi bila maumivu, mimba ikiwa kubwa, ni kitu tulichofundishwa kukiogopa. Nilimnywesha maji mpaka kibofu kikajaa, nikamlaza, nikampaka jeli, nikaweka kipimo chini ya kitovu.

Kondo la nyuma, lile linalomlisha mtoto, kwa kawaida hushika sehemu ya juu ya nyumba ya uzazi. La Rhoda lilikuwa limelala chini kabisa na kufunika mlango wote wa kutokea, kama mtu aliyetandika mkeka wake kizingitini. Nilisogeza kipimo kushoto, kulia, nikamgeuza ubavu, nikarudia. Halikuwa na ukingo wa kunipa matumaini. Mtoto alikuwa hai, anajinyoosha, amelala juu ya mlango ambao hawezi kuupita bila kulichana lile kondo, na likichanika, damu ya mama hutoka kama bomba lililopasuka. Mwanamke wa namna hiyo hutolewa mtoto kwa upasuaji. Akipatwa na uchungu mahali pasipo na chumba cha upasuaji, watu wake huanza kutafuta sanda.

"Sista," Rhoda akaniuliza, macho yake kwenye kioo, "ni mzima?"

"Moyo wake unapiga," nikasema. "Mengine daktari atakwambia."

Nilipochukua kitambaa nimfute, Mama Mboje aliniwekea mkono. Alitaka jeli ikauke yenyewe.

Nilimwita Daktari Wilibrodi. Huyu ni tabibu mstaafu wa serikali, mtu mpole, aliyezalisha nusu ya vijana wa mji huu na vijiji vyake, nikiwemo mimi. Nilimrudishia kanda aitazame. Hatukubishana juu ya picha, hata kidogo. Aliiona kama nilivyoiona, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

Nikamwambia mama huyu akirudi Kaoze amekufa. Akasema anajua. Nikamwambia basi amwandikie rufaa aende hospitali ya mkoa alazwe hadi siku ya upasuaji. Akafunga mlango. Akanikumbusha kwamba kesho yake wageni wa utafiti wanafika, na bingwa mwenyewe yumo. Tukiwa tumeanza kutoa majibu yetu wenyewe, watauliza ni wangapi wengine tuliowaambia, na kazi yote ya tangu mwanzo itatiliwa shaka. Alisema kanda iende Dar kama zote, yeye atawazuia watu hawa wasitoke mjini mpaka majibu yarudi. Nikamuuliza yatarudi lini wakati barabara ya Mbeya imekatika kwa mvua. Alitoka akawaambia wale watu wasiende mbali mpaka majibu yatoke, naye Mboje akaitikia, ndiyo daktari, kwa adabu kubwa.

Sasa mtu aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka Shinyanga mpaka Rukwa, unamwambia asiende mbali. Kwake yeye Kaoze ni mbali?

Na ugonjwa huu una hila. Damu hukata yenyewe. Hukata siku moja, siku kadhaa, mama akainuka akafua nguo, watu wakasahau, kisha hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Damu ya Rhoda ilikata alasiri ileile, baada ya kumulikwa. Nani angewatoa kwenye imani yao? Waliona kwa macho yao.

Asubuhi wageni walifika. Bingwa wa kutazama kanda alikuwa Daktari Naima, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijivu, sauti ya chini, na mikono iliyotulia. Nilikuwa nimeyasoma maoni yake kwa muda mrefu, nikamwogopa na kumpenda kabla sijamwona. Alikuja na wafadhili wawili wenye kamera. Mzee Abdulnasir alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama. Benchi lilijaa hadi nje: kina mama wa utafiti upande mmoja, na upande wa pili wagonjwa wake, akiwemo yule mvuvi wa Wampembe aliyekuja kurudia dozi yake ya kumulikwa. Nje ya dirisha lori la bondeni lilikuwa linapakiwa saruji, injini inanguruma.

Ndipo Mama Mboje akaingia na kuku. Alikuwa tetea mweupe, amefungwa miguu kwa ukili. Nyuma yake Mboje na Rhoda, na Rhoda alikuwa ameshajifunga kanga ya safari. Mama Mboje alimweka kuku juu ya kitanda cha kupimia, penye shuka, akaamkia watu wote kwa heshima, akanigeukia.

"Mwanangu, damu imekata tangu jana," akasema. "Mashine imefanya kazi yake. Huyu ni wako. Na mwenye mashine nitamletea wake tukija na mtoto."

Mzee Abdulnasir aliwageukia wageni uso ukimng'aa, akawaambia wamesikia wenyewe, hakumpanga mtu. Mfadhili mmoja alimpiga picha kuku.

Nilimtazama Daktari Wilibrodi. Nilimpa nafasi, na watu wote waliokuwemo ni mashahidi. Nilimwambia, daktari, waambie. Alikohoa.

"Mama, nilisema msiende mbali."

"Hatuendi mbali, daktari," Mama Mboje akajibu. "Tunaenda nyumbani."

Benchi likacheka. Nje dereva akapiga honi.

Nikamwambia Mama Mboje kwamba damu ile imekata yenyewe na itarudi, kwamba mashine haikugusa kitu. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mpishi anayesema chakula hakikuiva vizuri ili asifiwe zaidi. Akasema nisijishushe, mkono wangu ni mzuri. Akamshika Rhoda kiwiko, wakageuka kutoka.

Wakati huo nilikuwa na maneno yote ya kitabuni. Ningeweza kumweleza mlango wa kizazi na mishipa ya damu na mwangwi wa sauti, naye angeitikia ndiyo mwanangu huku akipanda lori. Kuku akapiga mbawa pale kitandani, shuka ikaanguka. Nilimnyanyua nimzuie. Nikiwa nimemshika hivyo, ndipo nikajua la kusema.

Nilimuuliza wakienda kwa mfumu huko kwao, wanapeleka nini.

Mfumu ni mganga wao anayetazamia, kila mtu Rukwa anajua, na kila mtu anajua kwamba jambo hilo halitajwi mbele ya wageni wa Dar. Mzee Abdulnasir aliita jina langu taratibu, mara moja.

"Kifaranga," Mama Mboje akasema. Alikuwa ameshasimama.

"Anakifanya nini?"

"Anakipasua, anatazama ndani. Maradhi yanaonekana."

"Akishayaona, mgonjwa anakuwa amepona? Mnaondoka?"

Alicheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama maji yanapanda mlima. "Atapona vipi? Kuku hatibu, mwanangu. Kuku anaonyesha. Dawa inakwenda kuchimbwa."

"Basi mashine hii ni kifaranga," nikasema. "Jana nimekipasua, nikaona. Dawa ya Rhoda haijachimbwa."

Vikuku vya shaba viliteremka mkononi mwake vikagongana.

"Umeona nini?"

Nikamwambia, mbele ya Daktari Wilibrodi, mbele ya Daktari Naima na wafadhili na kanzu iliyopigwa pasi, kwamba mtoto wa Rhoda amezibiwa mlango na kondo lake mwenyewe. Nikamwambia uchungu ukianza wakiwa Kaoze atawazika wote wawili. Nikamwambia dawa yake ni kisu, kisu hicho kiko hospitali ya mkoa, na hakuna mtu anayeweza kukichimba bondeni.

Mama Mboje alimtazama mtoto wake wa kiume, ambaye alikuwa anatazama lori. Aliyesema ni Rhoda, kwa mara ya kwanza tangu atoke kitandani pangu, akimwita mkwewe mama kwa Kisukuma.

"Mayu, mimi sipandi."

Mboje akatoka kwenda kushusha mizigo.

Hapo benchi likapasuka. Yule mvuvi wa Wampembe alisimama akaniuliza kifaranga chake yeye kilisema nini, mbona hakuambiwa, na kama hakuna dawa iliyochimbwa, mgongo wake ulipona na nini? Mwanamke mmoja aliifuta jeli tumboni kwa hasira, akasema siku zote anapakwa uji wa bure. Mwingine akasema yeye ni mlokole, kama humu ndani wanapiga ramli basi ametapeliwa mpaka roho. Wakaanza kuondoka. Kina mama wa utafiti waliwafuata, wa mwisho akiacha mpaka kandambili zake mlangoni. Mzee Abdulnasir alizima jenereta kwa mkono wake. Kioo kikafa.

Rhoda alilazwa hospitali ya mkoa. Damu ilirudi kabla wiki haijaisha, ghafla, akiwa amekaa anakunywa uji, na waliokuwepo wanasema ilifika mlangoni. Walimpasua. Mboje alitoa damu, na dereva wa lile lori akatoa pia, maana barabara ya mteremko ilikuwa imekatika na lori lake limekwama mjini. Rhoda alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, mdogo, na hakulia.

Nilikwenda kuwaona. Mama Mboje alikuwa uani anafua kanga, maji ya beseni mekundu. Hakulia mbele yangu.

"Kifaranga chako kilisema kweli," akasema.

Nilikamua naye ile kanga, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.

Kabla ya kurudi Dar, Daktari Naima aliniita tukakaa garini mwake, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Hakunifokea. Heri angefoka. Aliniambia kanda ya Rhoda ameitazama, na nilichoandika ndicho alichokiona yeye. Aliniambia lile sharti litabadilishwa, hatari kama ile itasemwa papo hapo, na kwamba walipaswa kuliandika hivyo tangu mwanzo. Halafu akasema kwamba Rhoda ametolewa kwenye ulinganisho, kwa sababu aliambiwa. Picha niliyoisoma vizuri kuliko zote haihesabiki.

"Ulisema kweli kwa mdomo mbaya, Kalista," akasema. "Ungeniambia mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale."

"Honi ilikuwa inalia, daktari. Wangekuwa wamepanda."

Alitikisa kichwa polepole, akauliza kama nimefikiria wale walioondoka. Katika benchi lile, alisema, huenda alikuwemo Rhoda mwingine. Kumfanya mama amwamini mtu wa kipimo huchukua miaka, nami nimekiita kipimo ramli mbele ya mji mzima. Huyo Rhoda mwingine sasa hatakuja kabisa, na hakuna atakayejua.

Maneno hayo hayajanitoka. Ana haki, na mimi nina haki, na haki hizo mbili hazikai kwenye kiti kimoja. Kristiana, rafiki yangu wa utotoni wa Kaengesa, ana mimba ya tatu na miguu imemvimba. Jumapili baada ya misa nilimsihi aje nimpime. Alinicheka.

"Mimi Mkristo, Kalista. Siendi kwa kifaranga cha Abdulnasir."

Nikamwambia hata kwa mkunga wa serikali aende, asije kwangu, ila aende. Akasema ataona. Waliokuwa wamesimama naye wakanitazama kama watu wanaomtazama mwanamke aliyelewa saa za asubuhi. Habari imewafikia kwamba binti wa kwetu, aliyesomeshwa na kina sista, amewasifu waganga. Padri alimwita mama yangu. Mama akamsikiliza padri, akarudi nyumbani, akanitumia ile salamu.

Ndiyo maana jana, nilipoitwa ofisini, sikwenda nikiwa na kiburi kama wanavyodhani. Nilikwenda nimechoka. Mzee Abdulnasir alikuwepo, na Daktari Wilibrodi pembeni yake, anafuta miwani. Walizungumza nami kwa upole. Benchi limebaki na watu wawili watatu, utafiti umesimama, Dar wako tayari kuendelea kama watu watarudi. Watu watarudi kama nitaomba radhi, kwanza mbele ya benchi, kisha kwenye kipaza sauti cha pikapu, kwa kulinganisha kipimo cha kisayansi na uganga. Nikisema hivyo, kazi yangu ipo, na mashine ipo. Nisiposema, atatafutwa mpimaji mwingine.

Nilifikiria miguu ya Kristiana. Nasema kweli, nilikaribia kabisa. Nilimuuliza Mzee Abdulnasir: wakirudi, watarudi wakiamini nini?

Hakunielewa. Nikamwonyesha ukuta kupitia dirishani, maneno yake matano yangali palepale, mvua imeyaosha yakazidi kung'aa. Nikamwambia niko tayari kupanda pikapu leo hii, nizunguke Sumbawanga yote na Nkasi mpaka Wampembe, nitangaze kwa sauti yangu kwamba mashine ni ya kweli, waje, inaona kile ambacho mkono hauoni. Kwamba haitibu, jeli si dawa, na anayeambiwa ana hatari aende akatibiwe. Nitasema hivyo mpaka sauti ikauke. Sharti langu lilikuwa moja, ukuta ule upakwe chokaa.

Alifikiri. Nampa haki yake, alifikiri kweli. Kisha akasema watu hawatoki Wampembe kwenye mvua kuja kuonyeshwa tu.

"Binti yangu," Daktari Wilibrodi akasema, "ni neno moja tu. Sema samahani, yaishe. Mbona mtoto mwenyewe hakupona?"

Hilo ndilo lililonisimamisha. Huyu ni mtu aliyenipokea mimi kutoka tumboni kwa mama yangu. Aliiona ile picha. Nilitaka kumwuliza kama anamkumbuka Rhoda alivyokuwa ameshajifunga kanga ya safari, lakini macho yake yalikuwa kwenye miwani, na miwani ilishakuwa safi zamani.

Kuku wa Mama Mboje nilimfuga. Sikuweza kumchinja. Anatagia chini ya kitanda changu, na leo asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka nilipokuwa nakunja nguo zangu, kwa sababu chumba ninachokaa ni cha zahanati na mpimaji mwingine atakihitaji.

Kina mama mliokuwa kwenye benchi lile, kama mnasikia haya kutoka kwa mtu, rudini. Rudini kwa yeyote atakayekalia kiti changu. Lala, kunywa maji mengi, acha wakutazame, halafu usitoke mle chumbani hadi wakwambie wameona nini na dawa inachimbwa wapi. Mashine ile ni kifaranga. Nilisema hivyo mbele ya wageni, mwanamke mmoja akashuka kwenye safari yake ya kaburini, na yu hai.

Ile karatasi waliyoniandikia nimeiacha mezani kwao. Siombi radhi.